Kamba ya Kibao cha Theluji

Hivi wewe umewahi kufungua mlango wa mbele wa nyumba yako ukakuta kuna ukuta? Sisemi ukuta wa matofali. Nasema ukuta mweupe, umesimama wima toka kizingiti mpaka juu kabisa, nao umechorwa mlango wako wote: mistari ya mbao, kile kichwa cha msumari kilichojitokeza, na shimo dogo pale kitasa kilipobonyea. Ardith Moser aliukuta ukuta huo asubuhi, amevaa gauni lake la kulalia, kikombe cha kahawa mkononi. Akatia kidole kwenye lile shimo la kitasa. Baridi ikampanda mpaka kiwiko. Akaurudishia mlango polepole, kama mtu aliyefungua chumba cha wenyewe kwa makosa, akaenda jikoni kukaanga mayai.

Kule Kilimani wanakoishi akina Moser, theluji inatoka ziwani. Upepo unavuka maji, unajibebesha unyevu, ukifika Kilimani unachoka na kuutua mzigo. Wala hauutui kwa wote. Unaumwaga kwenye ukanda mwembamba tu, mkanda wanauita wenyewe, hivi kwamba wewe unazikwa hai na kijiji cha pili watu wanatembeza mbwa juani. Mkanda ukipita, sawa. Ukisimama, kaa chini utazame kuni zako. Safari hii ulikuwa umesimama tangu jana mchana.

Mle ndani walikuwa wanne. Kulikuwa na Ardith mwenyewe, na mumewe Vernon, aliyekuwa amebadilishwa nyonga hospitalini kabla ya Krismasi na bado anatembelea mkongojo. Kulikuwa na Wendell, mdogo wake Vernon, dereva mstaafu wa greda la kusukuma theluji, mtu wa tumbo kubwa na kicheko kikubwa zaidi. Na kulikuwa na Francine, jirani wa njia panda, mjane, aliyeendesha basi la shule mpaka nywele zikageuka mvi. Hao watatu, Vernon na Wendell na Francine, ndio waliobaki wa kundi lililokuwa likikutana mwezi wa pili kila mwaka katika nyumba hiyo, kula pamoja na kusimuliana tufani za theluji. Zamani walikuwa wengi hata viti vikaazimwa kanisani. Wengine wamekufa, wengine wamehamia kwenye jua.

Kanuni yao ilikuwa moja: aliyelowa ndiye anayesema. Kama tufani ile ulikuwa nje, theluji ikakuingia shingoni ikakuyeyukia mgongoni, una haki ya kuisimulia. Kama ulikuwa ndani karibu na jiko, nyamaza, pitisha biskuti.

Ardith alikuwa amepitisha biskuti miaka yote hiyo.

Sasa nikwambie habari ya kibao, maana bila kibao hutamwelewa Ardith. Vernon alikuwa mpimaji wa kujitolea wa ofisi ya hali ya hewa. Nyuma ya ghala, mahali ambapo upepo hauchezi sana, kulikuwa na kibao kilichopakwa rangi nyeupe, kimelazwa chini, na kando yake kijiti chenye kitambaa chekundu cha kuonyesha kilipo. Saa ya kupima ikifika unakwenda, unachomeka rula, unasoma, unakifagia kibao na kukilaza juu ya theluji ile mpya, unarudi. Huruhusiwi kukifagia mara nyingi kuliko ilivyopangwa. Ukizidisha, theluji haipati nafasi ya kujishindilia, kipimo chako kinavimba, na wapimaji wa vijiji vingine watakucheka mpaka kiangazi. Na tufani ikikaza, ukinyoosha mkono huioni glavu yako mwenyewe. Kwa hiyo kuna kamba. Ncha moja nyumbani, ncha ya pili kiunoni mwako.

Ardith hakuwahi kwenda kwenye kibao tufani ikivuma. Alikwenda siku za utulivu, kukwangua kinyesi cha kunguru na kupaka rangi upya. Kwanza kulikuwa na watoto wachanga. Kisha mama mkwe kitandani, chumba cha nyuma. Kisha jiko, maana mtu akitoka kwenye tufani lazima akute supu. Na siku zote kulikuwa na Vernon, ambaye ukigeuka tayari amevaa buti. Naye Ardith alitaka. Alitaka jambo hilo moja tu, kusimama mwisho wa kamba katikati ya mkanda, mahali ambapo wanasema hakuna juu wala chini, akaone ni kitu gani wenzake walichokuwa wakikiona huko hata wakirudi na macho ya watoto. Hakuwahi kumwambia mtu. Na sasa nyumba imeuzwa. Theluji ikiyeyuka wangehamia kwa binti yao Roxanne, huko Kusini ambako mwezi wa tatu watu wanapanda maua. Hii ilikuwa tufani ya mwisho katika nyumba hii, na ilikuwa inaendelea kupita hukohuko nje wakati yeye anapindua mayai.

"Nani kakufundisha kuvaa wewe?" Francine aliuliza Vernon alipoingia jikoni. Pijama yake ilikuwa imegeuzwa, mishono nje, mifuko inaning'inia kama masikio.

"Hiyo ndiyo iliyouleta mkanda," Vernon akajibu kwa fahari. "Kila mtoto wa Kilimani anajua. Ukitaka theluji, unalala na pijama ndani nje."

"Mtoto, ndiyo. Wewe una nyonga ya chuma."

"Ulinicheka juzi kwenye simu. Leo uko wapi? Umefungiwa na pijama yangu."

Wendell akacheka mpaka meza ikatikisika, na kahawa ya Ardith ikamwagika kwenye kitambaa.

Wakala mayai, wakala soseji, wakala ile jibini changa inayolia kwenye meno. Halafu hakukuwa na la kufanya. Madirisha ya chini yote yalikuwa yamezibwa, na mwanga uliopenya ulikuwa wa bluu, kama wa ndani ya chupa. Mlango wa jikoni nao haukusukumika. Kwenye korido kulikuwa na maboksi ya kuhama yamepangwa ukutani, kwa hiyo ukitaka kwenda msalani unapita kwa ubavu, na ukikutana na Wendell, mmoja wenu lazima arudi nyuma. Nyumba ilinuka sufu iliyolowa na vitunguu na moshi. Paa lilikuwa linalia. Sauti za watu hazikuwa na pa kwenda, zilizunguka tu mle jikoni na kumrudia Ardith usoni, akiwa amesimama penye sinki na mikono ndani ya maji.

"Mimi nawaambia," Wendell alianza, "mwaka ule nilipotumwa nifungue barabara ya msituni."

"Ile ya ng'ombe," akasema Francine.

"Niache niseme! Sioni mbele, sioni pembeni, nafuata nguzo za simu. Nasukuma, nasukuma, najisifu peke yangu, Wendell wewe ni fundi. Zile nguzo, kumbe siyo za simu. Za uzio. Nimetoka barabarani zamani, nimelisafisha shamba la mahindi la watu, safi kabisa, moja kwa moja mpaka zizini. Nafungua mlango wa greda, ng'ombe wananitazama."

"Wakasema nini?"

"Wakasema pole. Nikalala nao mpaka kulipokucha. Nakula pipi za kikohozi. Na nawaambieni, kuna ng'ombe mmoja mle alikuwa na tabia nzuri kuliko wengi niliowaoa."

"Umeoa mmoja tu, Wendell," Ardith akasema bila kugeuka.

"Ndiyo huyohuyo, shemeji."

Francine naye akaitoa ya kwake, ya basi. Ardith aliijua kama anavyojua ngazi za nyumba yake: basi limekwama, watoto wamerundikana viti vya nyuma kama paka, na yeye Francine anashuka kila baada ya muda kuchimbua bomba la moshi kwa kifuniko cha sanduku la chakula, ili moshi usirudi ndani ukawaua. Halafu radi. Radi katikati ya theluji, ule mwanga wa zambarau unaotoka pande zote kwa pamoja.

"Kuna katoto kakaniuliza, Bibi Francine, ni Mungu anahamisha makabati? Nikakaambia hapana, ni mwalimu mkuu anatufuata na kazi za nyumbani. Wote kimya! Hakuna aliyelia tena."

"Ule mwanga," Ardith akauliza, "unaumiza macho?"

Francine akamtazama kidogo, kama mtu aliyeulizwa swali na kabati. "Hauumizi, mwenzangu. Unakuwa kama uko ndani ya taa. Siwezi kueleza. Ni mpaka uwe nje."

"Mpaka uwe nje," Wendell akaitikia.

"Ardie," Vernon akasema, "jibini imebaki?"

Jibini ilikuwa imebaki. Akaileta.

Halafu ikawa zamu ya Vernon, na Vernon hana hadithi nyingine. Akaweka mkongojo juu ya mapaja, akatazama dari. Ilikuwa tufani ya majira yale Roxanne alipozaliwa. Upepo ulikuwa unatoka pande zote. Akajifunga kamba kiunoni, ncha ya pili akaifunga kwenye pete ya chuma ya nguzo ya baraza, akaenda. Akakipata kibao kwa magoti. Akasoma rula kwa kuigusa. Wakati wa kurudi upepo ukamnyanyua.

"Ukanibeba kama gazeti. Nikaanguka chali kwenye mtaro wa ghala, theluji inanifunika, nikasema Vernon, ndiyo basi. Nikaivuta kamba. Ikalegea. Ikalegea, jamani, inakuja tu mikononi! Halafu, pap! Ikakaza. Nikajivuta nayo mkono kwa mkono mpaka barazani. Baba yangu aliipigilia ile pete mwenyewe. Ile pete isingekuwepo, msingekuwa mnanywa kahawa na mimi."

"Kwa pete!" akasema Wendell, akainua kikombe.

"Kwa pete!" akasema Francine.

Vikombe vikagongana. Kila mwaka viligongana hapo. Ardith akakisugua kikaango ambacho tayari kilikuwa safi.

Maana siku ile yeye alikuwa amesimama ukumbini, akichungulia kwenye kioo cha mlango. Aliiona nguzo iliyooza ikiiachia pete. Aliiona kamba ikikimbia juu ya mbao za baraza kama nyoka aliyekanyagwa. Hakukumbuka kuufungua mlango. Alikumbuka kuirukia ile kamba, akaizungusha kiunoni, akaupachika mguu mmoja kwenye fremu na kulala nyuma kwa uzito wake wote, mlango wazi, upepo unaingia, theluji inajaa ukumbini inampanda miguu, na Roxanne analia kwenye kapu kando ya jiko. Kamba ikamchuna viganja. Na hapo, akiwa amejibana mlangoni, alikuwa akitazama nje kwa macho yake yote, na hakuona ila ile nguzo na weupe. Hatua moja tu. Hakuweza kuipiga, kwa sababu akiipiga mtu anakufa. Vernon alipotokea alipita mbio kwenda kwenye simu kutoa kipimo, anacheka na kulia kwa pamoja. Ardith akaufunga mlango, akafagia ukumbi, akajipaka siagi viganjani. Siku chache alipika na kumbeba mtoto akiwa na glavu za kutolea vyungu, na hakuna aliyeuliza.

"Ile pete," akasema sasa, penye sinki.

"Chuma cha zamani hicho, shemeji," Wendell akasema. "Siku hizi hakuna."

"Saa!" Vernon akapiga kelele. "Jamani, inakaribia saa saba!"

Kipimo cha saa saba mchana. Wote wakatazama mlango wa mbele, kisha dari. Tufani zote za nyuma zilizofunika milango, Vernon alitokea dirishani juu, chumba cha kulala, akashukia paa la baraza.

"Nitakwenda," akasema Vernon.

"Utakwenda wapi na mguu wa hospitali?" akasema Francine. "Ukianguka huko nani atakubeba? Ambulensi haipandi Kilimani leo."

"Basi niwapigie niwaambie hakikupimwa? Tufani yetu ya mwisho, nafasi iwe wazi?" Hakuna aliyemcheka.

"Mimi ningekwenda," Wendell akasema, akajishika tumbo, "ila lile dirisha litaninasa katikati."

"Mtu mwenye akili humu ni mimi," akasema Francine, akainuka. "Nipe rula."

Ardith alikuwa ameshika kitambaa cha kukaushia vyombo. Kinywa kilimfunguka. Lakini Francine tayari alikuwa koridoni anatoa koti lake kwenye ndoano, na Wendell anamshikia buti, na Vernon anapanda ngazi moja moja akitoa amri za kamba, na maneno yote ya kwenda nje yalikuwa yao tangu zamani. Ardith akawafuata, wa mwisho.

Chumbani juu dirisha lilikuwa wazi nusu. Nje hakukuwa na kitu. Si shamba, si ghala, wala mti, ila weupe unaokwenda kwa kasi, na sauti kama ya treni isiyofika. Theluji iliingia ikatua juu ya maboksi. Ardith alisimama nyuma ya wote, akahisi chembe moja ikimyeyukia mdomoni.

"Kamba tuifunge wapi?" Francine akauliza, amejifunga kofia mpaka kidevuni.

"Kwenye kitanda," akasema Vernon.

"Kitanda hicho kina magurudumu," akasema Ardith.

"Si nitakikalia?" akasema Wendell.

"Upepo ukimvuta Francine, mtatoka wote watatu," akasema Vernon. "Francine, kitanda na wewe. Ah! Ingekuwepo ile pete ya baba! Hivi ilikwendaga wapi ile pete? Tulipotengeneza baraza upya sikuiona."

Ardith akaliendea boksi lililoandikwa ushonaji, akabandua utepe. Akatoa kopo la vifungo, akachakura. Aliyoitoa ilikuwa nzito, yenye kutu, na kwenye ule mkia wake wa skrubu kulikuwa bado kumeng'ang'ania kipande cha mbao iliyooza, kama jino lililong'oka na nyama yake.

Akaiweka kwenye kiganja cha Vernon.

"Hii imeng'oka," Vernon akasema.

"Ndiyo."

"Lini?"

"Ulipokuwa kwenye mtaro wa ghala. Kamba ilipolegea."

Vernon akaigeuza pete. Akaigeuza tena. Midomo yake ilikuwa inarudia kitu bila sauti; alikuwa anaipitia ile hadithi, na Ardith aliweza kumwona amefika wapi. Amefika kwenye "pap". Hapo akasimama.

"Ikakazwa na nini?" akauliza Wendell, ambaye siku zote huchelewa. "Kama pete iling'oka, kamba ilikazwa na nini?"

Francine aliuchukua mkono wa Ardith, akaufungua kiganja, akautazama kwenye ule mwanga mweupe wa dirishani. Alama zilikuwepo, mbili, zimepauka, zinakata kiganja kwa upana. Mtu angedhani ni mikunjo ya uzee.

Vernon akaketi kitandani. Kitanda kikasogea kwa magurudumu yake, kikamgonga Wendell gotini, na hakuna aliyecheka.

"Ardie," akasema. "Kila mwaka tunainua vikombe."

"Najua. Mimi ndiye ninayeviosha."

"Lakini hukusema kitu!"

"Nani angesema? Nilikuwa ndani."

"Ngoja kwanza," Francine akasema, kwa ile sauti yake ya kwenye basi. "Mlango ulikuwa umefungwa?"

"Ulikuwa wazi. Nilikuwa nimesimama kwenye kizingiti."

"Theluji ilikufika wapi?"

"Magotini."

"Na shingoni?"

"Mpaka mgongoni," akasema Ardith. "Mpaka kwenye soksi."

"Basi ulilowa," akasema Francine. "Wendell, amelowa au hajalowa?"

"Amelowa," akasema Wendell, kwa adabu, kama mtu aliyeko mahakamani. "Shemeji alilowa chepechepe."

"Kanuni ni kanuni. Haya, mwenzangu. Sema. Tunakusikiliza."

Wakakaa. Wendell akaketi juu ya boksi la vitabu, likabonyea. Vernon alikuwa ameishika ile pete kwa mikono miwili, anamtazama mkewe kama anavyotazamaga upande wa ziwa, asubuhi, wakati bado haijulikani litaleta nini. Wote watatu walikuwa wamenyamaza kwa ajili yake, na hilo halikuwahi kutokea mwezi wa pili wowote. Ardith akaitafuta ile hadithi kichwani. Ilikuwepo yote, nguzo na kamba na kapu la mtoto. Akaona kwamba hataki kuisimulia sasa. Angeweza kuisimulia huko Kusini, kwenye kiti cha barazani kwa Roxanne, miaka yote itakayobaki. Dirisha ndilo halitakuwepo.

Upepo ukasukuma pazia, pazia likamgusa bega.

"Hiyo nitawasimulia nikirudi," akasema. "Vua hilo koti, Francine, unipe. Na rula. Vernon, kaa chini sakafuni, weka ule mguu wako mzima kwenye ukuta, uizungushe kamba kiunoni, usiifunge popote. Wendell, mshike mwenzako. Tangu nimeolewa katika nyumba hii nimetaka kwenda kwenye kibao tufani ikivuma, na mmekuwa mkinipita mlangoni. Leo nakwenda mimi. Ninyi shikeni kamba."